Sifuri ya Kilimani

Msomaji asihangaike kuitafuta Jamhuri ya Shwari kwenye ramani. Ilikuwamo zamani, ila Serikali yake iliomba itolewe baada ya kugundua kuwa wachoraji wameipaka rangi ileile ya nchi jirani. Ni nchi nzuri, ina milima, ina maziwa, ina amani, na kama kuna kasoro yoyote basi imekwisha kuundiwa tume.

Katika nchi hiyo kuna mambo mawili ambayo mtoto huyajua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. La kwanza ni kwamba Mlezi Mkuu wa nchi ni wa kwanza katika kila jambo. Ni Mkulima wa Kwanza, Mwalimu wa Kwanza, Golikipa wa Kwanza na, tangu msimu uliopita, Mkamata Senene wa Kwanza. La pili ni kwamba Mlezi Mkuu haendi chooni. Hakuna sheria inayosema hivyo, maana ili kuitunga ingebidi mbunge fulani asimame alitaje jambo lenyewe. Ni adabu tu. Mlezi hula, na kula kwake huonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi pale Kilimani Kuu, ikulu yake, yeye na wageni wake, mbuzi wa kuchoma wakipita kwenye masinia. Kisha kamera huzimwa, na wananchi hawaulizi kilichofuata. Wamekwisha kuzoea kwamba kinachopanda Kilimani hakishuki.

Mhandisi Siwatu Mbaruku naye alikuwa na adabu hiyo, wala hakuwahi kuona ubaya wake, mpaka siku aliyoletewa kompyuta.

*

Siwatu alikuwa msimamizi wa mtambo wa kusafisha majitaka ya mji mkuu, kazi ambayo watu harusini humuuliza mara moja tu. Yeye aliipenda. Alikuwa tayari kumweleza yeyote, hata mwenye sahani mkononi, kwamba siri yote ya mtambo ni vijidudu: vinakaa mabwawani, vinakula uchafu, na kama binadamu yeyote anayefanya kazi vinahitaji hewa. Kwa hiyo kuna mashine za kuvipulizia. Mashine zikizimika, vijidudu hufa, na kinachofuata hakihitaji mhandisi kukieleza.

Mabwawa yalikuwa manne, lakini yaliyofanya kazi ni matatu. La nne lilikuwa limejengwa vizuri, limezungushiwa ua na kufungwa utepe, likawa linasubiri kuzinduliwa. Katika Shwari hakifunguliwi kitu bila Mlezi Mkuu, hata kopo la rangi ya Serikali. Na Mlezi hakuweza kualikwa, kwa kuwa kadi ya mwaliko ingelazimika kusema bwawa hilo ni la nini. Utepe ukapigwa jua na mvua mpaka ukageuka rangi ya chai.

Basi kila Jumapili asubuhi mambo yalikuwa yaleyale. Karamu ya Jumamosi ilihitaji taa nyingi, kwa hiyo umeme wa mtambo uliazimwa Kilimani. Mashine za hewa zikanyamaza. Na vijidudu, vikiwa vimekabwa roho, vikaletewa kwa bomba kile ambacho hakuna aliyekitaja. Mabwawa yakajaa, yakamwagika, yakateremka mtaa wa Bondeni.

Bondeni ndiko alikozaliwa Siwatu, na ndiko alikoishi mama yake, Bi Chausiku, mtengeneza achari. Ua mzima wa nyumba yake ulitandikwa mikeka ya maembe na pilipili zinazoanikwa. Kila Jumapili, kabla watu wengine hawajaamka, Bi Chausiku alipandisha mikeka juu ya paa, akakunja doti lake la kanga magotini, akamngoja mgeni wake wa wiki kwa matusi aliyoyatunga mwenyewe.

*

Siku moja Wizara ya Maji na Vinavyotiririka ilitangaza ukombozi. Ilikuwa imenunua programu ya kompyuta yenye mtambo mzima ndani yake: mabwawa, pampu, mashine za hewa, mpaka vijidudu. Ukiieleza kiasi gani cha majitaka kinatoka kila mtaa, inakuonyesha kitakachotokea kesho, na inakuacha ujaribu dawa kabla ya kumnywesha mgonjwa.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Sifuni Bakunda, alikuja kuizindua. Alikuwa mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mambo mengine.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "kuanzia leo Shwari haitasafisha majitaka kwa kubahatisha. Itayasafisha kwa makadirio!"

Makofi yalipigwa. Na kwa kuwa sasa mitambo ilikuwa miwili inayofanana, wa saruji na wa kwenye kioo, wafanyakazi waliipa majina ya pacha. Wa saruji, aliyetangulia, akaitwa Kulwa. Wa kwenye kompyuta akaitwa Doto.

Siwatu alimpenda Doto kwa dhati. Kulwa ukimkosea ananuna wiki nzima. Doto unamkosea, unafuta, unaanza upya, wala hakuna kijidudu kilichopoteza maisha. Alikaa mbele ya kioo akimlisha habari za mitaa, mmoja baada ya mwingine: Sokoni, Relini, Kambi ya Polisi, Bondeni. Bondeni, wenye watu wengi waliobanana, ukatoka juu ya wote. Kisha akafika kwenye kisanduku kilichoandikwa Kilimani Kuu, na hapo mtu akakohoa nyuma yake.

Alikuwa Afisa wa Itifaki. Hakuna aliyejua ameingia saa ngapi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

"Hapo weka sifuri, Mhandisi."

"Sifuri, mzee? Mbona bomba la Kilimani ndilo nene kuliko yote?"

"Bomba ni nene kwa heshima," alisema Afisa wa Itifaki.

"Na kinachopita ndani yake?"

Yule mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto akichezea wembe. "Binti, kwani umesikia kuna kinachopita?"

Siwatu alifikiria mshahara wake, akafikiria na adabu aliyofundishwa. Akaweka sifuri. Kidole chake mwenyewe, wala hakushikwa mkono.

*

Doto alifanya kazi nzuri mno. Jumapili ya kwanza alionyesha mabwawa yametulia na maji yakitoka meupe yanang'aa. Saa ileile Kulwa alikuwa akimwagika, na Bi Chausiku alikuwa juu ya ngazi.

Wizara ilishtuka. Ikaunda tume, na tume ikaenda kazini kwa haraka ya ajabu, kwa sababu ilikagua upande wa Doto tu, ndiko kulikokuwa na kiyoyozi. Ilisema kwamba kompyuta haidanganyi. Doto akisema maji ni safi na Kulwa akisema ni machafu, basi mwongo ni Kulwa, au kuna mtu anayemwongezea mambo kwa siri. Nani? Tume ilitumia busara ya polisi: mali imekutwa wapi? Majitaka yamekutwa Bondeni. Tena kwenye orodha ya Doto mwenyewe Bondeni ndio unaoongoza. Shauri likaisha.

Agizo likatoka Kilimani, limetiwa saini na Mlezi Mkuu, likasomwa redioni baada ya matangazo ya vifo: "Mtaa unaoongoza kwa kulemea mtambo wa Taifa uhamishwe kabla ya Sikukuu ya Jamhuri." Bondeni haukutajwa kwa jina. Mlezi hataji mitaa midogo.

Siwatu alikwenda kwa mama yake miguu ikiwa mizito. Alimkuta akikata maembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia redio. Kaa chini, usinisimamie kama mdai."

"Mama, kompyuta ndiyo imesema—"

"Hiyo kompyuta ina pua?"

"Haina."

"Basi njoo nayo ilale hapa Jumapili moja." Kisu kiliendelea kukata. "Nyumba hii marehemu baba yako aliijenga tofali kwa tofali, tofali zikiisha anangoja mwezi mwingine. Mimi nimeolewa humu, nimezaa humu, nimefiwa humu. Kunuka, inanuka, sikatai. Lakini ni yangu. Sasa niambie wewe uliyesoma, huyo Doto wenu amewaona wanaotuzidi huko juu, au hakuambiwa?"

Siwatu aliona haya mpaka masikio yakamwaka, maana kati ya watu wote waliokuwa wakiwahamisha watu wa Bondeni, aliyeanza alikuwa yeye, kwa kidole kimoja.

*

Kabla ya Sikukuu, Waziri alitaka Mlezi Mkuu amwone Doto kwa macho yake, ili nishani aliyoahidiwa kwa ajili ya Doto isipotee. Siwatu akaitwa Kilimani kubonyeza vitufe. Kioo kikubwa kilitundikwa ukutani, na mitaa ikachorwa kama nguzo za rangi, kila mtaa na nguzo yake, kwani Waziri alisema namba huwachosha viongozi.

Mlezi Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mchangamfu mwenye biskuti kwenye mfuko wa koti, na kosa lake kubwa lilikuwa kwamba kwa miaka mingi hakuna mtu aliyemaliza sentensi mbele yake. Alisikiliza hotuba ya Waziri mpaka mwisho wa biskuti, kisha akanyoosha kidole.

"Hii ndefu ya nani?"

"Ya Bondeni, Mlezi Mkuu," alisema Siwatu.

"Bondeni ndio wanaongoza?"

"Ndiyo, Mlezi Mkuu."

"Wanafuatiwa na nani?"

"Sokoni. Halafu Relini. Halafu Kambi ya Polisi."

"Halafu mimi?"

Siwatu aliona kwa pembe ya jicho mdomo wa Afisa wa Itifaki ukiunda neno bila sauti. Akaiwaza mikeka ya mama yake. Katika nchi ile watu wamepelekwa kufundisha kwenye visiwa visivyo na watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Kisha akasema ukweli ulivyokuwa kwenye kioo.

"Kilimani ni ya mwisho, Mlezi Mkuu. Ina sifuri."

"Ya mwisho!" Mzee aliinuka nusu. "Nyuma ya Kambi ya Polisi?"

Waziri alijitupa mbele. "Mlezi Mkuu, hili si jambo la... Hii ni orodha ya kitu ambacho Mlezi Mkuu, kwa utukufu wake, yeye ha—" Akaishia hapo. Aliona, akiwa amechelewa, kwamba ili kusema Mlezi hana kitu hicho ingebidi akitaje kitu chenyewe. Jasho likaanza safari kutoka kwenye upara.

"Orodha ya nini, Sifuni?"

"Ya... ya michango, Mlezi Mkuu. Michango ya mitaa kwa mtambo wa Taifa."

"Na mimi sichangii?"

"Unachangia! Unachangia sana!" Waziri alipaza sauti, na nadhani ndiyo mara pekee katika utumishi wake aliposema jambo lililoweza kuthibitishwa.

Mlezi Mkuu alimgeukia Siwatu. Alionekana ameumia kweli, kama mtoto aliyesahauliwa kwenye picha ya darasa. "Mhandisi, niandikie. Bondeni wametoa hicho? Niandikie mara tano yake. Na Jumamosi uongeze. Jumamosi huwa natoa zaidi, nina wageni."

"Nimekuelewa, Mlezi Mkuu," alisema Siwatu, akarudi kwenye vitufe upesi, kwa sababu majisifu yale ya mzee, kwa bahati ya ajabu, yalikaribia kabisa ukweli aliokuwa akiusikia ukinguruma kwenye bomba nene.

Akaandika. Nguzo ya Kilimani ilipanda, ikapita Kambi ya Polisi, ikaipita Relini, ikaiacha Bondeni chini kama kichuguu. Ukumbi ukasimama. Makofi, vigelegele, bendi ya mlangoni ikadhani ni zamu yake ikaanza kupiga. Mlezi Mkuu alipunga mkono. Katika kelele zile ni Siwatu peke yake aliyekuwa akitazama upande wa pili wa kioo, ambako Doto, baada ya kushibishwa ukweli, alikuwa amegeuka rangi ya udongo. Mabwawa yake yakajaa, yakamwagika, yakateremka Bondeni Jumapili asubuhi, hasa pale penye nyumba ya mama yake. Kwa mara ya kwanza pacha walifanana.

*

Furaha hiyo ilikatizwa na Afisa wa Itifaki, mtu mwenye kumbukumbu nzuri kwa bahati mbaya yake. Alimnong'oneza Waziri. Waziri akabadilika rangi. Lilikuwapo lile agizo. Mtaa unaoongoza uhamishwe kabla ya Sikukuu, na saini ya Mlezi ikiwa chini. Agizo la Mlezi halifutwi, kwa kuwa Mlezi hakosei. Na unaoongoza sasa, mbele ya mashahidi na bendi, ulikuwa Kilimani Kuu. Mwenye trekta la kubomolea alikwisha kulipwa.

Waziri alisogea kwa Siwatu. Hakuwa amewahi kumwita chochote zaidi ya "wewe wa mabomba".

"Mwanangu," alisema kwa sauti iliyokonda, "wewe umesoma. Tufanyeje?"

Siwatu alikuwa amejaribu dawa ya tatizo lile kwa Doto mara nyingi akiwa peke yake, akiweka namba ya kweli na kuifuta kabla mtu hajaingia. Lakini hakuitoa mara moja. Alimwacha Waziri asubiri kidogo, na sisi tusimlaumu.

"Mheshimiwa, agizo linataka kinacholemea mtambo kihamishwe," alisema. "Si lazima wahame watu. Yanaweza kuhama maji. Ngoja tumuulize Doto."

Mbele ya wote akalifungua bwawa la nne kwenye kioo. Akaliunganisha na bomba la Kilimani. Akawasha mashine za hewa Jumamosi mchana, kabla mbuzi hawajaiva, na akakataza umeme wake kuazimwa mpaka Jumapili jioni. Kisha akamwachia Doto aikimbize wiki. Rangi ya udongo ikapungua, ikawa ya majani, ikaisha. Maji yakatoka safi. Bondeni ukabaki mkavu.

Mlezi Mkuu alikuwa amesogea mpaka karibu ya kioo, biskuti mkononi. "Kimehama?"

"Kimehama, Mlezi Mkuu. Na bado unaongoza."

"Basi lizinduliwe," alisema mzee.

*

Trekta lilikuwa limekwisha kufika Bondeni. Bi Chausiku alikuwa ameweka kiti katikati ya mlango na kukikalia, chupa za achari zimepangwa miguuni, akimweleza dereva kwa utulivu kwamba aanze na yeye, nyumba itafuata. Dereva, kijana wa watu mwenye mama yake pia, alikuwa amezima injini na kuomba aonjeshwe ya embe. Walikuwa kwenye chupa ya pili simu yake ilipolia. Alisikiliza, akajifuta mdomo, akauliza njia ya kwenda bwawa la nne.

"Nyoosha, fuata harufu," alisema Bi Chausiku.

Akaenda kuchimba mfereji wa bomba la Kilimani.

Uzinduzi ulifana. Utepe ule wa rangi ya chai ulikatika wenyewe kabla ya mkasi, ukabidi ufungwe upya. Mlezi Mkuu alitangazwa Mchangiaji wa Kwanza, na bwawa likapewa jina la Bwawa la Mchango. Hotuba zilikuwa ndefu, na hakuna hata moja iliyosema ndani ya bwawa kuna nini. Afisa wa Itifaki alisikiliza zote leso ikiwa puani, kwa heshima. Waziri alivikwa nishani kwa kumvumbua Doto. Siwatu alipewa cheti cha kushuhudia.

Hakujali. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mama yake alfajiri. Alimkuta amekaa uani, ngazi imeegemezwa ukutani, mikeka imebaki chini kwa mara ya kwanza tangu Siwatu awe na akili. Bi Chausiku alikuwa akiitazama njia ya maji bila kupepesa, matusi yake yakiwa tayari. Jua lilitoka. Mgeni hakuja. Jua likapanda, pilipili zikaanza kutoa harufu yake, ile ya kuwasha pua, ambayo Siwatu alikuwa hajaisikia Jumapili maisha yake yote. Alilia, wala hakujificha.

"Pilipili hizo," mama alisema akitazama pembeni. "Nami zimeniingia."

Walikuwa wakigeuza maembe simu ya Siwatu ilipolia. Alikuwa Mhandisi Ndimbo wa mji wa Ziwani, ambako Wizara, kwa kufurahishwa na mafanikio, ilikuwa imepeleka Doto mwingine. Ndimbo alizungumza kwa kunong'ona.

"Dada Siwatu, samahani kwa kukusumbua Jumapili. Nimefika kwenye kisanduku cha nyumba ya Mkuu wa Mkoa. Kuna mzee amesimama nyuma yangu, sijui kaingia lini, ananiambia niweke sifuri."

Siwatu aliitazama mikeka, kisha akajifuta mikono yenye pilipili kwenye kanga ya mama yake.

"Weka tu, kaka," alisema. "Halafu mwite Mkuu wa Mkoa aje aone nani anaongoza."